Nyumba ya Daraja la Kwanza

Siku hizi mtu akiletewa karatasi ya kodi ya jengo huikunja akaiweka juu ya friji, akaisahau mpaka aandikiwe nyingine, lakini katika miaka ile ya hamsini, pale Bagamoyo, karatasi kama hiyo iliweza kumtoa mtu katika nyumba aliyozaliwa, na waliobaki wakaendelea kunywa kahawa yao.

Mwinshehe bin Ausi alikuwa fundi cherehani. Alikaa katika baraza ya duka la Popat, mtaa wa Dunda, akishona kanzu, vikoi na mapazia ya nyumba za maofisa. Baba yake alikufa yeye hajang'oa meno ya utoto. Mama yake akaolewa Vigwaza, akaenda zake, na mtoto akabaki mikononi mwa dada wawili waliokuwa na nyumba ya mawe nyuma ya msikiti. Mkubwa aliitwa Mwanamkasi, mdogo Mwaija. Mji mzima uliwaita Bi Mkubwa na Bi Mdogo, hata wageni wakadhani ni wake wenza. Mwaija, ambaye ulimi wake haukujua kupumzika, aliwajibu, "Ndiyo, wake wenza sisi, ila bwana mwenyewe ndiye tuliyemkosa."

Waume zao walikwisha kufa, na watoto Mungu hakuwapa. Walichokuwa nacho ni chuo cha Kurani. Asubuhi watoto walijaa ukumbini na juzuu zao, sauti zikasikika mpaka sokoni, na Alhamisi kila mmoja alikuja na ada yake: mwenye senti alileta senti, mwenye nazi alileta nazi, na wa mkulima alileta mchele katika kikapu kidogo. Hicho ndicho walichokula. Mwinshehe alisoma pale bila ada, akala pale, akalala pale. Bi Mkubwa ndiye aliyemshika mkono akamwandikisha alifu yake ya kwanza, na alipotoka jandoni ndiye aliyemvika kanzu mpya.

Shule ya serikali hakuipata. Herufi za kizungu alijifunza mwenyewe, kwa kusoma maandishi yaliyopigwa juu ya marobota ya vitambaa vya Popat, kisha magazeti makuukuu yaliyofungiwa sukari. Alipokuwa mtu mzima alikuwa akiwasomea wenzake gazeti kila alasiri, akiwafafanulia habari za ulimwengu kama mtu aliyekwisha kufika huko. Kwa sababu hiyo, serikali ilipotaka raia wa kawaida wachache waingie katika baraza la mji, jina lake lilitajwa, na hakuna aliyepinga.

Jambo moja tu lilikuwa limemkaa moyoni, nalo ni shule. Ile ya mji iliishia darasa la nne. Aliyetaka kuendelea ilibidi apelekwe mbali akalale huko, na baba wa Dunda hakuwa na uwezo huo. Mwinshehe alitaka shule ya kati, ya mawe na bati, katika mji wake. Alipolala aliiona. Alipokata kitambaa aliiona.

Serikali ikasema itaukopesha mji fedha za kujengea, kwa sharti kwamba mji uoneshe namna utakavyozilipa. Njia ilikuwa moja, nayo ni kodi ya nyumba. Kila nyumba ingepimwa na kuwekwa katika daraja lake, la kwanza, la pili au la tatu, na kila mwaka ingelipa kwa kadiri ya daraja hilo mpaka mkopo uishe. Kabla ya hapo watu walitakiwa wakubali wenyewe, kwa kuinua mikono, mbele ya boma.

Siku ya mkutano Mwinshehe alivaa kanzu aliyoishona mwenyewe, akasimama juu ya sanduku. Alisema vizuri. Hata waliomchukia walikiri kwamba alisema vizuri.

"Fundi!" sauti ikaita kutoka nyuma. Ilikuwa ya Majaliwa, mpakuzi wa mbata, ambaye babu yake alishuka na misafara kutoka Unyamwezi, kwa hiyo alikuwa mtani wa nusu ya mji na hakuna aliyeweza kumkasirikia. "Hiyo shule utaishona kwa futi au kwa yadi?"

"Kwa mfuko wako, mtani."

"Mfuko wangu uliushona wewe, na wiki ya pili ukatoboka!"

Watu walicheka mpaka askari wa boma akachungulia. Majaliwa akangoja wanyamaze. "Sasa tuache mchezo. Mimi nina kibanda cha udongo na makuti ya mwaka juzi. Nitalipa nini?"

"Shilingi mbili kwa mwaka," akasema Mwinshehe. "Nyumba ya udongo na makuti haitazidi shilingi mbili. Nasema mbele yenu nyote. Ikizidi, njooni mchukue cherehani yangu."

Mikono ikainuka uwanja mzima. Bi Mdogo, aliyekuwa upande wa wanawake, aliinua yote miwili, na alipoambiwa kwamba ni mmoja tu unaohesabiwa alijibu kwamba wa pili ni wa dada yake, aliyebaki nyumbani na watoto.

Kitu kimoja Mwinshehe hakuwaeleza, kwa kuwa karani wa baraza alimweleza yeye baadaye. Zile shilingi mbili zingesimama ikiwa tu nyumba za daraja la kwanza zilikuwa nyingi. Nyumba kubwa zikipungua, mzigo ungewashukia wenye makuti.

Mpimaji alikuja baada ya mwezi wa mfungo, Mzungu mrefu mwenye shingo iliyoungua jua, akafikia katika nyumba ya wageni ya serikali. Na hapo watu wakaonekana walivyo. Popat hakuhitaji kuelezwa. Aliyahamishia marobota yake nyuma, akamwaga maji sakafuni, akachubua chokaa ya ukuta wa mbele kwa kisu, na mpimaji alipofika alimkuta amejitanda shuka akikohoa. Daraja la pili. Mwarabu mwenye nyumba tatu za kupangisha aling'oa madirisha usiku, asubuhi nyumba zikabaki na matundu kama zimekwisha kuhamwa. Daraja la pili, zote tatu. Mwinshehe alifuatana na mpimaji kama mjumbe na mkalimani, akayaona yote, akauma meno.

Siku ya pili karani alimvuta pembeni. "Hazitoshi," akasema. "Ikibaki hivi, wenye makuti watalipa zaidi ya shilingi tatu."

"Zimebaki nyumba zipi?"

"Chache. Mtaa wenu kesho. Ile ya nyuma ya msikiti ni kubwa. Yenyewe ikiingia daraja la kwanza, na ile ya kadhi, tumepona."

Mwinshehe alijua ile nyumba ya nyuma ya msikiti ilivyokuwa. Kwa nje ilisimama. Ndani, dari ya chumba cha nyuma ilikuwa imeanguka wakati wa masika na haikurudishwa, na ukuta wa ukumbini ulikuwa na ufa kutoka juu mpaka chini, ambao mtu angeweza kuingiza kiganja. Boriti zilikuwa zimeliwa. Mtu mwenye haki angeiweka daraja la tatu.

Alikwenda alasiri ile. Watoto walikuwa wamekwisha kutawanyika, na Bi Mkubwa alikuwa akikunja mikeka.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Mkeo Biubwa hakupikii?"

"Ananipikia. Kazi tu." Akakaa, akaitazama miguu yake. "Kesho mtapata mgeni. Mzungu, katoka Dar es Salaam. Anapita kuziangalia nyumba za mji."

"Anaziangalia kwa jambo gani?"

"Kwa ajili ya ile shule."

Uongo haukuwemo. Alikuwa amekata kipande cha neno kilichomfaa, kingine akakiacha mezani, na kwa kazi yake alijua sana kukata.

"Mgeni wa shule!" akasema Bi Mkubwa, akasimama, akautazama ule ukuta. "Na sisi tumekaa hivi? Mwaija! Njoo usikie."

Vijana wa leo hawatalielewa jambo hili, maana wao mgeni wanamkaribisha kwa kumwambia wanatoka. Pwani ile, katika siku zile, mgeni alikuwa haoneshwi upungufu wa nyumba. Kama nyumba yako haina, ya jirani inayo, na ya jirani ni yako mpaka mgeni aondoke. Ufa wako unautazama wewe na ndugu yako. Mtu aliyemwonesha mgeni dari iliyoanguka alihesabiwa kama aliyemvua nguo mama yake. Popat hakuzaliwa katika desturi hiyo, na yule Mwarabu aliisahau alipoanza kupangisha. Dada wawili wale hawakujua nyingine.

Basi jioni ile mtaa mzima ulitembea. Wanafunzi wa zamani, wanaume wenye ndevu, walikuja na ndoo za chokaa wakapaka mbele na ukumbini. Sinia za shaba zilitoka nyumba hii, vikombe vya kahawa vikatoka ile, mrashi wa fedha ukatoka kwa kadhi. Biubwa, mkewe Mwinshehe, alilibeba zulia lao jekundu la harusi kichwani.

"Mume wangu," akasema mlangoni, kabla hajatoka. "Huyu Mzungu kwa Popat wamemmwagia maji sakafuni. Mbona huku tunamtandikia mazulia?"

"Popat ni Popat," akasema Mwinshehe.

Biubwa alimtazama kidogo, halafu akaenda. Lile zulia ndilo lililotundikwa juu ya ufa.

Asubuhi nyumba ilinukia udi mpaka njiani. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa umefungwa na pazia la hariri limeteremshwa mbele yake. Bi Mkubwa aliketi katika kiti kirefu, amejifunika ukaya mweupe, na Bi Mdogo alimpokea mpimaji kwa kumnyunyizia marashi mikononi, jambo lililomfanya mtu yule acheke kama mtoto. Wakamletea halwa. Wakamletea kahawa. Akasema kwa Kiswahili chake kibovu, "Nyumba zuri. Zuri sana."

"Mwambie yeye ndiye mzuri," akasema Bi Mdogo, "ila shingo ingepata mafuta ya nazi."

Mwinshehe hakulitafsiri hilo. Mpimaji alizunguka ukumbi akitazama juu, akaandika, kisha akauliza kwa Kiingereza kama kuna mahali popote nyumba imeharibika. Aliuliza kwa heshima, na alikuwa tayari kusikia. Mwinshehe akamwuliza Bi Mkubwa swali lile lile, neno kwa neno.

Bi Mkubwa alijibu kama alivyolelewa kujibu. "Mwambie alhamdulillahi. Nyumba nzima, na sisi wazima."

Akalitafsiri na hilo, neno kwa neno. Hakuna mtu duniani ambaye angeweza kumshitaki kwa tafsiri ile.

Lakini mpimaji hakuwa mjinga. Alilisogelea lile zulia jekundu, akalisifu, akanyoosha mkono alipapase. Kiganja chake kilikuwa hakijafika. Mwinshehe aliinuka, akachukua kikombe cha kahawa kutoka kwenye sinia, akakiweka katika mkono ule ulionyooshwa.

"Kahawa, bwana. Itapoa."

Mtu yule akageuka, akashukuru, akanywa. Hakurudi tena ukutani. Bi Mkubwa alimtazama Mwinshehe kwa macho ya shukrani, akidhani amemsitiri.

Karatasi zililetwa baada ya wiki chache. Dada wawili walisoma Kiarabu kama maji, lakini herufi za kizungu hawakuzijua, kwa hiyo karatasi ilibidi isomwe na mtu, na mtu wao alikuwa mmoja. Walimpelekea mtoto wa chuo amwite. Alikwenda akiwa na sindano bado imechomekwa kifuani.

Akasoma. Nyumba ya mawe, Dunda, daraja la kwanza. Shilingi sitini kila mwaka.

"Soma tena," akasema Bi Mdogo. "Labda umeruka neno."

Akasoma tena. Bi Mdogo akacheka, kisha akaona hakuna anayemfuata. "Sitini? Hizo ni Alhamisi ngapi? Watoto walete nazi za kisiwa kizima?"

Bi Mkubwa alikuwa ametulia. "Yule mgeni," akasema, "alikuja kwa jambo hili?"

"Ndiyo, Bi Mkubwa."

"Na wewe ulijua."

Hakuuliza. Alisema tu. Mwinshehe damu ilimpanda usoni, masikio yakawaka. Aliomba moyoni wamtukane. Bi Mdogo alikuwa tayari, kifua kilikwisha kumjaa, lakini dada yake aliinua mkono.

"Mwaija, mpe maji. Katoka juani."

Aliyanywa yale maji, katika bakuli lao la udongo. Miaka mingi baadaye, mtu akimpa maji katika bakuli la udongo, aliomba glasi.

"Kuna rufaa," akasema Mwinshehe. "Mtu akiona ameonewa anakwenda barazani akaeleza. Watatumwa watu waje waone. Mkiuonesha ule ufa na kile chumba, nyumba itashuka mpaka la tatu."

"Niende barazani," akasema Bi Mkubwa polepole, "nisimame mbele ya wanaume, niseme nilimdanganya mgeni wangu? Kwamba halwa ilikuwa ya watu na zulia la watu?"

"Si kudanganya, Bi Mkubwa."

"Kwao itakuwa nini? Mimi siwezi. Lakini wewe unakaa humo, na ulimi unao. Sema wewe. Sema unavyoijua nyumba hii, maana umekulia ndani yake."

"Nitasema."

"Inshallah," akasema Bi Mdogo, kwa namna iliyomfanya Mwinshehe atoke bila kuaga vizuri.

Siku ya rufaa baraza lilijaa. Kwanza kilisomwa kilio cha Popat, ambaye hata daraja la pili aliliona kubwa. Wakalijadili kwa saa nzima. Halafu mwenyekiti akauliza, "Kuna mwingine? Mjumbe yeyote ana neno juu ya nyumba yoyote?"

Mwinshehe alikuwa amejiandaa. Maneno yalikuwa mafupi, na tangu alfajiri alikuwa akiyarudia. Lakini kuyasema kulikuwa kukiri kwamba alisimama karibu na ufa ule akatoa kahawa. Na nyumba ile ikishuka, karani angefungua hesabu zake tena mbele ya wote. Akainua macho, akamwona Majaliwa amening'inia dirishani na wapakuzi wenzake, jasho la mbata limewakauka.

"Fundi!" akaita Majaliwa, kwa sauti ya utani lakini macho hayakutania. "Zile mbili zetu zimesimama, au tuje tubebe cherehani?"

Wajumbe walicheka. Wote wakamtazama, wakingoja ajibu.

"Zimesimama," akasema Mwinshehe.

Mwenyekiti akafunga shauri.

Wale dada hawakumwuliza alisema nini. Mji ni mdogo, walikwisha kusikia. Yeye akabadili njia ya kwenda msikitini, akawa anapitia sokoni, mwendo mrefu zaidi, na watu walipomwuliza alisema ananyoosha miguu. Mwaka wa kwanza Bi Mkubwa alilipa kwa mikufu ya marehemu mama yao. Mwaka wa pili shule ikafunguliwa, ikawachukua watoto asubuhi, saa zile zile za chuo. Waliobaki katika mikeka ya dada wale walikuwa wadogo wasiojua kujifunga shuka. Alhamisi zikapungua nazi, kisha zikapungua kabisa.

Mwinshehe alikaa mstari wa mbele siku ya ufunguzi. Ofisa aliyekuja alimtaja kwa jina, akasema mji ungekuwa na wajumbe kumi kama huyu. Watu wakapiga makofi. Alitazama chini, na waliokaa karibu wakasema fundi ni mnyenyekevu. Mtu anaweza kuona haya mbele ya watu wanaomcheka akavumilia. Kuona haya mbele ya wanaokupigia makofi ni kitu kingine, na dawa yake haijapatikana.

Nyumba ilinunuliwa na Popat. Alitaka ghala la mbata. Alipokuja kuitazama, zulia halikuwepo, na hakuna aliyefunga mlango wa chumba cha nyuma. Popat aliingiza vidole vyote vitano ndani ya ule ufa, akatikisa kichwa kwa huzuni, akapunguza bei. Kisha akaenda barazani, akapeleka na mafundi waliothibitisha, na mwaka uleule nyumba ikaandikwa daraja la tatu; kufikia hapo nyumba mpya za mawe zilikwisha kuongezeka mjini, na hesabu za karani hazikutikisika.

Dada wawili walihamia Miono, kwa Mwajabu, binti wa marehemu kaka yao, aliyekuwa na shamba la mihogo na pamba kidogo. Lori liliwachukua asubuhi mbele ya msikiti. Wanafunzi wao wa zamani walijaa kuwapakilia vyombo, wengine wakilia waziwazi. Mwinshehe hakwenda. Alisema ana kazi ya watu ya haraka. Alimtuma Biubwa na mitandio miwili aliyoishona.

Biubwa aliporudi alikaa bila kuvua buibui.

"Wamepokea?"

"Wamepokea. Wamekushukuru."

"Wamesema nini kingine?"

"Bi Mkubwa ameuliza kama shule ina mabenchi ya kutosha."

Cherehani haikusikika tena siku ile.

Shule ile ilitoa makarani, ilitoa wauguzi, ilitoa na watu ambao leo wakipita mbele ya mzee hawainamishi hata shingo, seuze kutoa shikamoo. Hakuna kati yao anayejua ilijengwa kwa nyumba ya nani. Ukiwauliza kuhusu chuo cha nyuma ya msikiti watakwambia pale palikuwa ghala la Mhindi, na sasa hata ghala hakuna, pana vumbi la matumbawe na mbuzi. Majaliwa alikufa akiwa amelipa shilingi mbili kila mwaka, hakuzidishiwa hata senti. Alikuwa akimwambia Mwinshehe mbele za watu kwamba katika wajumbe wote yeye ndiye mtu wa ahadi. Mwinshehe alikuwa akimwomba aache, na Majaliwa akidhani ni adabu.

Miaka mitatu au minne ilipita tangu dada wale wahame. Mwinshehe alikuwa akishona nguo za wanafunzi, kaptula na mashati, si za Bagamoyo tu. Alikuwa anakwenda kupeleka mzigo shule moja ya ndani, akapanda lori la kupitia Msata, amekaa mbele pamoja na dereva. Kabla ya adhuhuri lori lilisimama Miono kutia maji katika injini.

Alisikia sauti kabla hajaona mtu.

"Vitumbua! Vitumbua vya nazi! Asiyenunua akifika asije akasema Miono hawakumwambia!"

Bi Mdogo alikuwa akija kando ya lori, ungo kichwani, ameshika gongo la kutembelea. Alikuwa amekauka, lakini mwendo ulikuwa uleule. Nyuma yake, katika baraza ya kiduka, Bi Mkubwa alikuwa ameketi juu ya mkeka, uso umeelekea barabarani na macho meupe. Hakuwa akiona tena.

Mwinshehe aliivuta kofia ikamfunika uso, akaegemeza kichwa mlangoni, akafumba macho.

"Fundi, huli?" dereva akauliza. "Fundi! He, kalala ghafla hivi?"

Akavuta pumzi ndefu kama mtu aliyelala. Akasikia gongo likisimama chini ya dirisha. Harufu ya nazi na iliki iliingia. Akajua anatazamwa, akajua kope zake zinatetemeka.

"Dada," Bi Mdogo akaita, bila kuondoka. "Ni Mwinshehe."

"Mwinshehe wetu?" sauti ya barazani ikauliza. "Mzima?"

"Mzima. Kafumba macho."

"Basi usimwamshe," akasema Bi Mkubwa. "Kachoka. Mwekee viwili vya njiani."

Kitu cha moto kiliwekwa mapajani mwake, kimefungwa katika jani la mgomba. Dereva akasikika akitafuta senti mfukoni, na Bi Mdogo akimwambia senti zako toa za vyako tu, huyu ni mtoto wa nyumbani. Gongo likaondoka. Boneti ikafungwa, injini ikanguruma, lori likajivuta.

Alipokuwa na hakika kwamba wamekwisha kupita alifumbua macho, akatazama katika kioo cha pembeni. Bi Mdogo alikuwa amekwisha kuligeukia lori jingine. Bi Mkubwa alikuwa ameinua uso kuufuata mlio wa injini, ameutegea sikio moja, mpaka vumbi likawafunika wote wawili.

Hakuwaona tena.